Umefunga taa mpya kwenye tangi la matumbawe, sasa limejaa majani: kosa liko wapi?

Kila baada ya muda napigiwa simu ya aina moja. Mtu kauza taa zake za zamani, kajibana miezi mitatu minne akanunua LED ya maana, kaifunga Ijumaa baada ya sala, tangi likawaka kama bahari ya kweli, usiku kucha anapiga picha anawatumia watu, halafu wiki ya tatu picha zinakata. Ukimuuliza vipi tangi, anageuza mazungumzo. Wa mwisho ni Mpemba mmoja tunakaa nae huku Muscat, alipiga hata salamu hakumaliza vizuri: "Sheikh, hii taa imeniletea majani."

Majani ndo mwani, si tunaita hivyo. Nikaenda. Kweli bwana, jiwe la katikati limeota nywele za kijani urefu wa kidole, zinapepea na pampu, kila unywele una vitone vya hewa kama soda, na lile tumbawe lake la Euphyllia ambalo zamani lilivimba kama ngumi limesinyaa, rangi yake imekuwa ya tui. Mezani kuna chupa ya dawa ya kuua mwani, bado haijafunguliwa. Nikamwambia hiyo irudishe dukani kama watapokea, wasipopokea iache hivyohivyo, tuongee kwanza.

Maana watu wengi wanalianza hili jambo kwa kuilaumu taa, na taa yenyewe haina uwezo wa kuumba mwani. Mwanga ni jiko tu. Unga ni naitreti na fosfeti, virutubisho vinavyotokana na chakula na uchafu wa samaki. Ukikoleza moto chini ya sufuria tupu hupati ugali, unapata sufuria iliyoungua.

Mfano mzuri kabisa uko hapahapa Oman, kusini kule Dhofar, Mirbat na pande zake. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni khareef. Upepo ni kusi, kusi hiihii waliyokuja nayo wazee na majahazi kutoka kwetu, sasa ukifika kule unasukuma maji ya juu yaondoke pwani na maji baridi ya kina yanapanda kuziba pengo, yamebeba virutubisho kibao. Na wakati huohuo mbingu yote ni wingu, ukungu na manyunyu, jua unalisikia kwenye redio. Kwa hesabu ya wale wanaosema mwanga ndo unaleta majani, mwani ulitakiwa ulale miezi hiyo. Kumbe ndo msimu wake! Unafunika miamba palepale yalipo matumbawe, mpaka kelpi, mwani mkubwa wa nchi za baridi, inaota kule. Khareef ikiisha, jua linarudi kali, maji yanapata joto na virutubisho vinapungua, na mwani unanyauka, unakatika, unatupwa ufukweni. Jua limeongezeka, mwani umepungua. Ukishalielewa hilo la Dhofar, tangi lako umeshalielewa nusu.

Sasa kwanini basi ulifumuka baada ya taa mpya na si kabla? Kwa sababu unga ulikuwepo siku zote, moto ndo ulikuwa mdogo. Tangi la yule bwana lina miaka mitatu, anawalisha nemo wake kama wageni wa harusi, na fosfeti ya miaka mitatu haikai kwenye maji peke yake, inajinata kwenye jiwe na kwenye mchanga, maana vyote hivyo ni chokaa na chokaa inapenda kushika fosfeti. Ukipima maji unaona namba ndogo, unafurahi, kumbe ghala liko kwenye jiwe, na mwani unaotea juu ya jiwe unakula moja kwa moja ghalani. Halafu mwani wenyewe ukishakuwa mwingi unanyonya kila kinachotoka, kwa hiyo ukipima tena unakuta sifuri na unaapa kwamba maji yako masafi. Tangi lenye nywele za kijani na kipimo cha sifuri si tangi safi, ni tangi ambalo mwani umekuwahi kula kabla kipimo hakijafika.

Kuna jambo la pili, na hili ndo watu wanalikosa zaidi. Tumbawe na mwani wana saa tofauti. Ndani ya nyama ya tumbawe kunaishi mwani wadogo sana wa seli moja, zuzanthela, wao wanapika sukari kwa mwanga na sehemu kubwa wanampa mwenye nyumba kama kodi. Tumbawe lililokaa miezi chini ya taa iliyochoka linajipanga kuishi na mwanga mdogo, linawajaza wapangaji hao rangi nyingi ya kunasa mwanga, ni kama nyumba iliyofungua madirisha yote kutafuta upepo. We unakuja siku moja unawasha dhoruba. Zuzanthela wananasa mwanga kuliko wanavyoweza kuutumia, ule usiotumika unazalisha aina ya oksijeni inayounguza seli, na tumbawe kwa kujiokoa linawafukuza wapangaji. Ndo kupauka kwenyewe. Mwaka 1998 pwani yetu kuanzia Mafia mpaka Malindi matumbawe yalipauka kwa wingi na mengi yakafa, pale mkosaji mkubwa alikuwa joto la maji na jua likaongezea, lakini kinachotokea ndani ya seli ni kilekile.

Tumbawe kujipanga upya kwa mwanga mkali linahitaji wiki kadhaa. Mwani wa nywele unahitaji siku kadhaa. Kwahiyo ukiwasha taa mpya kwa nguvu zote unafungua mwanya wa wiki nne tano ambapo tumbawe liko hoi, halili vizuri, halinyonyi virutubisho, linamwaga kamasi, na pembeni yake mwani unafanya sherehe kwa mwanga uleule. Anayefaidi taa yako ya bei mbaya ni yule ambae hukumnunulia.

Tuje kwenye kiasi, maana hapa ndo penye uongo mwingi. Yule bwana alikuwa na T5 nne, zile taa za neli ndefu nyembamba, za wati 39, jumla 156, akabadilisha akaweka LED mbili za wati 90, jumla 180, akasema tofauti ni ndogo tu, wati 24. Wati ni umeme ambao taa inavuta kutoka ukutani, hazikwambii mwanga unaofika kwenye tumbawe. T5 inamwaga mwanga pande zote, nusu inategemea kioo cha juu kuurudisha, na neli zake zilikuwa na mwaka na miezi mitatu, neli za T5 zikipita miezi kama tisa mpaka kumi na mbili zinakuwa zimeshafifia na rangi imehama wakati machoni unaona zinawaka tu. LED ina lenzi, inaelekeza karibu kila kitu chini.

Na jicho nalo halisaidii. Jicho la binadamu linaona kijani vizuri kuliko rangi zote, buluu linaiona hafifu. LED za matumbawe zimejaa buluu, ndo maana unaangalia tangi unasema mbona giza, unaongeza, mbona bado, unaongeza, huku tumbawe linapigwa kama liko juu ya mwamba saa sita mchana. App za simu za kupima mwanga nazo zimetengenezwa kwa jicho, zitakudanganya vilevile. (Hizo buluu tunazocheza nazo, kuna watu watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya fizikia 2014 kwa kutengeneza LED ya buluu, kabla ya hapo LED nyekundu zilikuwepo miaka na miaka lakini taa kama hizi zisingewezekana.)

Kipimo cha kweli ni PAR, ule mwanga kati ya nanomita 400 na 700 ambao mmea unautumia, unahesabiwa kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Mita yake ni ghali, usinunue kwa ajili ya siku moja, azima au kodi, ila hakikisha ni ya LED maana baadhi za zamani zinasoma buluu pungufu. Kwa makadirio, matumbawe laini yanaridhika na 50 mpaka 150, yale ya minyama mikubwa kama Euphyllia 80 mpaka 150, na yale ya matawi magumu kama Acropora 200 mpaka 350 hivi. Jua la tropiki juu ya maji saa sita linafika karibu 2000, lakini usiniletee hiyo hoja, tumbawe lako halijatoka juu ya maji.

Nilienda na mita ya kuazima. Tukawasha T5 zake za zamani, bahati hakuwa amezitupa, pale kwenye jiwe la katikati ikasoma 90. Tukawasha LED kwa asilimia 80 alizokuwa amezoea, palepale ikasoma 260. Akanyamaza. Halafu nikamuuliza unawasha masaa mangapi, akasema kumi na mbili, kama zamani.

Sasa hebu piga hesabu. 90 kwa masaa 12, masaa 12 ni sekunde 43,200, unapata kama moli 3.9 kwa siku (moli moja ni mikromoli milioni). 260 kwa masaa yaleyale unapata moli 11.2. Yani tumbawe lililokuwa linapokea debe moja kwa siku likaamka Jumamosi linamwagiwa madebe matatu, na tofauti ya wati ilikuwa 24.

Dawa yake tukaifanya palepale. Masaa tukashusha mpaka nane, nguvu tukashusha mpaka mita ikasoma 130 kwenye lile jiwe. 130 kwa masaa nane ni moli 3.7, karibu sawasawa na alipotoka. Hapo ndo pa kuanzia: mwanga wa siku nzima ulingane na wa taa ya zamani, hata kama machoni unaona tangi limepoa. Kisha kila wiki unaongeza kidogo, sisi tulipanga 15 za PAR kwa wiki, ndani ya wiki sita unafika 220, na mawe ya chini ambako Euphyllia anakaa yanapata pungufu ya hapo kwa sababu ya kina na kivuli. Unaongeza nguvu au masaa, kimoja, usiongeze vyote wiki moja maana kikiharibika hutajua nani kaharibu. Taa nyingi za kisasa zina programu ya kufanya hivyo zenyewe, unaiambia anza asilimia hamsini maliza baada ya siku arobaini, inapanda yenyewe taratibu. Tatizo ni kwamba mwenye tangi anaona inachelewa, anaizima wiki ya pili.

Kama taa yako haina dima, ile ya kupunguza nguvu ya mwanga, usilie. Nenda kwa fundi wa madirisha kanunue wavu wa mbu, ule wa fibaglasi, kata vipande vinne, panga juu ya tangi, kila wiki toa kimoja. Ni ushamba lakini unafanya kazi kuliko programu maana huwezi kuutoa kwa kidole ukiwa umelala kitandani. Au inyanyue taa juu, sentimita kumi na tano zaidi zinapunguza sana na mwanga unasambaa vizuri, LED ina tabia ya kuchoma sehemu moja na kuacha kivuli cheusi pembeni. Pima sehemu tano sita, usipime moja tu ukaridhika.

Watu wataniuliza rangi. Ipo imani kwamba nyekundu na nyeupe ndo zinaotesha mwani na ukiweka buluu tupu umepona. Kuna ukweli kidogo, mwani wa kijani unaipenda nyekundu na bahari yenyewe inaimeza nyekundu kwenye mita chache za mwanzo kwahiyo matumbawe mengi hayaihitaji sana, mi mwenyewe naziweka chini. Lakini klorofili inakula buluu pia tena kwa hamu, nimeona matangi ya buluu tupu yana nywele kama mbuzi. Usitegemee rangi ikufanyie kazi ya kusafisha.

Kazi ya kusafisha inaanza kabla ya taa, mwezi mmoja kabla ikiwezekana. Pima naitreti na fosfeti, unataka naitreti kama 2 mpaka 10 na fosfeti kama 0.03 mpaka 0.1, zote miligramu kwa lita. Kama ziko juu sana punguza chakula, chakula cha barafu kichuje usimwage na maji yake, skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, iisafishe shingo maana ikiwa na utando haikamati kitu, badilisha maji. Maji ya kujazia yawe ya RO/DI, yaani yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu, na kipimo chake kisome sifuri, maana kila siku tangi linavukisha lita kadhaa, kinachovuka ni maji matupu, sasa ukijaza kwa maji ya bomba unaongeza fosfeti na silika kidogokidogo kila siku kwa miaka.

Ila tafadhali usikimbilie sifuri. Hili ni kosa la watu wenye bidii. Mtu anaogopa mwani, anaweka vidonge vya kunyonya fosfeti kilo nzima, fosfeti inaanguka ghafla, naitreti sifuri, mwani wa kijani unakufa kweli, halafu wiki mbili baadae kinakuja kitu cha kahawia kinachonyooka nyuzi zenye mapovu, konokono wakila wanalala chali. Hao ni dainoflajeleti, kwa kifupi daino, viumbe wa seli moja, wanapenda tangi lenye njaa, na kuwaondoa ni kazi ya miezi. Mtu aliyewahi kupigana nao anatamani mwani wa kijani arudi.

Kwahiyo kabla hujafanya lolote jua una nini. Utando mwekundu unaotoka kama ngozi ya maziwa ukiuvuta ni sayano, hao ni bakteria, angalia mtiririko wa maji. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni daiatomu, mwani wadogo wanaojenga ganda lao kwa silika, linapita lenyewe silika ikiisha. Cha kahawia kinachokuwepo jioni na asubuhi kimepungua, hapo shaka daino: chota kwenye chupa na maji ya tangi, tikisa mpaka kisambae, chuja kwa karatasi ya kahawa, yaliyochujika yaweke mwangani saa moja. Yakijikusanya tena yakawa kama pamba, ndo wao. Ya Mpemba wetu yalikuwa nywele za kijani za kawaida tu, alhamdulillahi.

Zile tukazing'oa kwa mkono. Jiwe tulilitoa nje, tukalisugua kwa mswaki ndani ya ndoo ya maji ya chumvi, maji yakawa kama mchuzi wa mchicha, tukamwaga chooni, na ndani ya ndoo ile ndo kulikuwa na fosfeti yake nyingi kuliko ambayo skima ingeitoa mwezi mzima. Baada ya hapo ndo konokono wanafaa. Watu wananunua konokono hamsini wakiwa na nywele za kidole kizima, konokono halimi msitu, anakula vichipukizi. Trochus nawapenda kwa sababu akianguka chali anajigeuza mwenyewe. Samaki wala mwani wapo, kangaja na tasi wanajulikana pwani yote, lakini kangaja anataka nafasi ya kukimbia na tangi lake lilikuwa la lita 250, sikumshauri. Nilimwambia aweke Chaetomorpha, mwani wa nyuzi za kijani, kwenye sampu, lile tangi dogo la chini, taa yake iwake usiku ile ya juu ikizimwa, iwe ndo mwani uliochagua mwenyewe unakula kile ambacho ungekula usiouchagua.

Jambo moja la mwisho ambalo halina uhusiano na mwani lakini linaangusha matangi baada ya taa: tumbawe likishazoea mwanga linajenga mifupa haraka, linanyonya alkalini na kalsiamu, vitu vya kujengea mifupa hiyo, kuliko zamani. Ulikuwa unaongeza mililita ishirini kwa siku, utajikuta unahitaji thelathini au arobaini, na usipopima mara mbili kwa wiki alkalini inashuka kimyakimya kutoka dKH 8.5 mpaka 6.5 na we unalaumu taa tena. Na LED haipashi maji kama taa za metal halide, zile balbu kali zenye joto, kwa hiyo ukitokea huko hita itafanya kazi zaidi usiku wa baridi na chila, mashine ya kupoza maji, itapumzika kidogo, kwa joto la Muscat hiyo peke yake inarudisha sehemu ya bei kwenye bili.

Sasa hivi yuko wiki ya nne. Jiwe la katikati limerudi kuwa la zambarau, kona ya nyuma bado ina manyoya kidogo na nimemwambia ayaache, Euphyllia ameanza kuvimba tena na rangi inarudi kuanzia kwenye ncha. Jana kaniandikia saa tano usiku anauliza kama anaweza kuruka wiki mbili aende moja kwa moja kwenye 220 kwa sababu Ijumaa anatembelewa na shemeji zake. Nimemjibu awashe kwa dakika ishirini wakiwa sebuleni, wapige picha, kisha azime.